Bi Kahonzi na Orodha ya Jumatatu

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2025, Bi Kahonzi Mwaro anatimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Shirika letu, na saa kumi jioni atakabidhi ufunguo wa chumba cha takwimu hapa Kibarani. Alianza kazi mwezi Machi 1994 akiwa karani wa kadi katika kliniki yetu ya Malindi. Anaondoka akiwa Mkuu wa Kitengo cha Takwimu. Mhariri wa jarida hili amenipa kurasa chache na agizo moja, kwamba niwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini nawaonya mapema kwamba katika faili la Bi Kahonzi mna karatasi moja isiyo ya kweli, karatasi iliyomnyima miaka miwili ya kazi aliyoiomba, na sina nia ya kuzimaliza kurasa hizi kabla ya kuisahihisha.

Kwa wasionijua, mimi ni Nduku Muthama, meza ya pili kutoka mlangoni, yule anayeandika akiwa amesimama. Nimefanya kazi chini ya Bi Kahonzi kwa miaka saba, na kutulia sijajifunza. Wasifu huu nimeuanza mara nne. Kila nikiandika sentensi tatu nainuka kwenda kutazama kama mashine ya orodha inakwenda. Inakwenda. Nimerudi.

Kwa wenzetu wa stoo na wa magari wanaotujua tu kama watu wa kompyuta, kazi yetu ni hii. Shirika linatibu kifafa, na wagonjwa wetu ni elfu kumi na nne, kuanzia Malindi hadi huku Kilifi na vijiji vyote vya nyuma. Tembe za kifafa hazina likizo. Mtu akizikosa siku mbili tatu anaweza kuanguka, na haanguki mahali anapopachagua yeye. Ndiyo maana kila Jumatatu saa moja asubuhi pikipiki nane hutoka hapa na mikoba ya dawa, na kila dereva ana orodha ya watu ambao tembe zao zitaisha wiki hiyo. Orodha hiyo hutoka katika majedwali mawili. Moja ni la watu, yaani jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa na jina la mama. La pili ni la mahudhurio, yaani nani alipewa dawa, lini, na tembe ngapi. Ukitaka kujua dawa za nani zinaisha, huna budi uyaunganishe majedwali hayo. Basi. Kazi nzima ni hiyo, na ndiyo iliyomtia mvi Bi Kahonzi.

Alizaliwa Ganda, nje kidogo ya Malindi, kwa wakulima wa mihogo na korosho. Alipoajiriwa alipewa meza, kalamu na masanduku manne ya mbao yaliyojaa kadi. Aliyemtangulia alizipanga kwa alfabeti. Siku ya tatu Bi Kahonzi alizimwaga zote sakafuni, akazipanga upya kijiji kwa kijiji, na ndani ya kijiji mji kwa mji, yaani boma kwa boma. Mkuu wa kliniki alimpa onyo la maandishi kwa kuvuruga ofisi. Mwezi uliofuata kadi zikawa zinapatikana kwa nusu ya muda, na mkuu akalifuta onyo lake kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka mwaka jana, faili lake halikuwa na doa jingine.

Sababu ya kuzipanga vile ilikuwa majina. Kwa Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba, na jina la pili huwa la baba. Kwa hiyo Karisa Gona akimzaa Gona, na Gona Karisa naye akamzaa Karisa, mna watu wawili wanaoitwa Karisa Gona, katika kijiji kimoja, mji mmoja, wanaokula chungu kimoja. Maradhi nayo hupenda kuzunguka ndani ya familia, kwa hiyo wote wawili wanaweza kuwa na kadi kwetu. Kwenye pembe ya kila kadi ya namna hiyo Bi Kahonzi aliandika kwa penseli babu au mjukuu, na chini yake jina la mama. Kompyuta zilipofika mwaka 2006, vibarua walioletwa kuzinakili kadi waliambiwa wanakili kilichoandikwa kwa wino. Walitii kabisa. Penseli yote ilibaki masandukuni, na Bi Kahonzi alitumia miaka miwili kuyaingiza majina ya akina mama moja baada ya jingine. Vibarua wale hajawasamehe mpaka leo.

Mwanzoni mashine iliunganisha majedwali kwa dakika tisa, tukaona tumefika. Lakini watu waliongezeka, mahudhurio yakawa laki kwa laki, na kufikia mwaka 2019 orodha ya Jumatatu ilikuwa ikichukua saa sita. Tuliianzisha Jumapili na kuiombea. Ndipo alipoletwa Mwaura, fundi wa mitambo kutoka Nairobi, muungwana sana, pamoja na seva mpya iliyobebwa na watu watatu. Alihangaika nayo siku mbili. Saa sita zikawa saa tano na dakika kumi. Bi Kahonzi alimshukuru, akamtilia dafu kwenye glasi, kisha akasema mbele yetu sote, "Baba, umetuletea punda mkubwa, lakini mzigo bado tumeufunga vibaya." Mwaura alicheka hadi akamwaga dafu kwenye kibodi. Kibodi hiyo ndiyo ninayoitumia mimi, na herufi N hunata hadi leo, jambo ambalo kwa mtu aitwaye Nduku ni adhabu tosha.

Wiki iliyofuata alibandika karatasi ya manila ukutani, akatuita. Hakugusa mashine. Alituuliza kama tumewahi kutoka matangani na kukuta viatu mia tatu mlangoni. Sote tumewahi. Basi, alisema, mashine yetu inatafuta viatu vyake kwa kujaribu kila kiatu, cha mtoto, cha mwanamke, hata kile cha mguu wa kushoto kilichokosa mwenzake. Kwa nini tunaiacha ijaribu mahudhurio ya mwaka 2012? Dawa hutolewa za miezi mitatu tu. Aliyepewa mwaka 2012, tembe zake ziliisha mwaka ule ule. Mashine ichukue kwanza mahudhurio ya siku mia moja za karibuni, iweke kando mengine yote, ndipo iunganishe. Na mtu wa Ganda alinganishwe na watu wa Ganda peke yao, asipelekwe kutafutwa Kibarani. Aliandika kwa herufi kubwa, PUNGUZA KWANZA, NDIPO UUNGANISHE. Saa tano zikawa dakika arobaini, na tulipomaliza mambo ya vijiji zikawa kumi na moja. Mwaura alipopigiwa simu hakuamini, akataka picha.

Huyo ndiye Bi Kahonzi kazini. Mwendo wake ni wa polepole kiasi cha kukupandisha presha. Saa nne ni chai ya tangawizi, hata moto uwake. Ijumaa huleta mahamri na mbaazi kwa kitengo kizima, na anayechelewa hukuta bakuli limeoshwa. Neno takriban halipiti mezani pake. Ukimwambia wagonjwa wa kijiji fulani ni takriban arobaini, atakuuliza huyo takriban ni mtoto wa nani. Mimi nilitoka Machakos nikiwa na haraka zangu na Kiswahili changu cha bara, nikadhani nimepangiwa kumngoja mama mmoja mzito. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba kila siku alikuwa akimaliza kazi kabla yangu.

Nimeinuka tena. Inakwenda. Sasa ile karatasi.

Mapema mwaka jana tuliwapokea wagonjwa elfu tano wa mradi jirani uliofungwa. Kadi zao nyingi hazikuwa na mwaka wa kuzaliwa, na jina la mama liliandikwa mara mbili mara tatu kwa namna mbalimbali. Mashine ikaanza tena kujikokota, na orodha ikafika saa tatu nzima. Mwezi Juni Bi Kahonzi alifiwa na shemeji yake huko Kaloleni, akachukua likizo ya wiki mbili. Jumatatu ya tarehe 10, saa moja na nusu asubuhi, orodha ilikuwa haijatoka. Pikipiki zote nane zilikuwa zikinguruma uani. Mramba, dereva wetu wa upande wa Ganda, alikuja dirishani akasema, "Dada Nduku, jua lapanda, na mie nina vijiji kumi na viwili." Alisema kwa upole tu. Lakini mimi na kungoja hatupatani. Niliisimamisha mashine, nikalifungua swali tunaloiuliza, yaani maagizo ya kuunganisha majedwali, nikaondoa masharti mawili, mwaka wa kuzaliwa na jina la mama, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakiichelewesha. Nikabakisha jina na kijiji. Na kwa sababu sasa jina moja lilivuta mahudhurio mengi, nikaiambia mashine ichukue hudhurio la karibuni zaidi na kuacha mengine.

Orodha ilitoka kwa dakika nne. Nilicheza. Sioni haya kusema kwamba nilicheza katikati ya ofisi, haya zangu ziko kwingine. Nilimtumia meneja ujumbe wenye alama za mshangao. Jumatatu iliyofuata ilitoka tena kwa dakika nne, ikaletwa keki, na kisu nikapewa mimi.

Bi Kahonzi alirudi Jumanne, tarehe 18. Nilimkimbilia na habari ya dakika nne kabla hajaweka mkoba. Alinipa pole kwa kazi, akaomba ukurasa wa Ganda. Hakutazama dakika. Alihesabu majina kwa kidole, taratibu, kutoka juu hadi chini, kisha akarudia kutoka chini hadi juu. Akaniuliza, "Ganda wamepungua. Wamehama au wamekufa?" Nilisema labda wengi wana dawa za kutosha. Akaniuliza kama Karisa Gona yumo. Nikatafuta, nikamwambia hayumo, amechukua dawa tarehe 5 Juni, za miezi mitatu. Akauliza, "Yupi?"

Sijawahi kuchukia neno fupi kama lile. Aliyechukua dawa tarehe 5 alikuwa Karisa Gona babu, mwenye miaka sabini na mmoja. Karisa Gona mjukuu ana miaka ishirini na minne, ni fundi cherehani, na tembe zake ziliisha Alhamisi ya tarehe 13. Nilikuwa nimewafanya mtu mmoja. Mashine iliona jina moja, kijiji kimoja, dawa zipo, ikamfuta kijana. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, nami huyo mjukuu nilikuwa namjua kwa jina.

Bi Kahonzi aliuchukua mkoba ule ule ambao alikuwa hajaufungua, akamwita Mramba, wakaenda. Walimkuta Karisa nyumbani na mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ameanguka Jumapili karibu na mafiga, mkono ukaingia kwenye makaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuanguka katika miaka mitatu. Alipona, lakini vidole viwili havikunjiki vizuri tena, na fundi cherehani hukata kitambaa kwa vidole.

Katika zile orodha mbili niliwafuta watu hamsini na saba. Sita walianguka. Hakufa mtu, na hilo si kwa uhodari wangu. Bi Kahonzi na Mramba walizunguka siku nne kuwapelekea dawa wote hamsini na saba, mmoja mmoja, Bi Kahonzi akiwa bado katika siku za matanga. Mimi nilibaki ofisini nikiendesha swali la zamani, saa tatu kila mara, nikiingia chooni kulia na kutoka.

Ripoti ya tukio aliiandika yeye. Sentensi ya tatu inasema hivi: Mimi, mkuu wa kitengo, nilibadilisha swali la orodha bila kulijaribu. Niliisoma nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake, naye alijua ninaisoma. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Julai. Nilianza kusema, akaninyooshea kiganja. "Mimi nimebakiza miezi minane, wewe umebakiza miaka thelathini. Nyamaza ufanye kazi." Nikanyamaza. Niliogopa, na zaidi ya kuogopa nilifurahi kwamba nimepona, na furaha hiyo ndiyo inayoninyima kukaa kitini mpaka leo. Mkataba wangu ukarefushwa bila swali hata moja.

Kwa hiyo karatasi hiyo ni ya uongo. Bi Kahonzi hakubadilisha swali lolote. Tarehe 10 Juni hakuwa hata hapa Kibarani. Aliyelibadilisha ni mimi, Nduku, na sikumwuliza mtu.

Hakunigombeza. Hakuniambia kwamba haraka haraka haina baraka, alijua nimeambiwa tangu chekechea na haikuingia. Alichofanya ni kunipandisha kwenye pikipiki ya Mramba kila Alhamisi, na daftari mkononi, nikawape watu namba. Kila mgonjwa ana namba yake kwenye kadi ya plastiki. Jina mtu hulirithi, namba hairithiwi. Nilienda mji kwa mji, nikauliza mama ni nani na babu ni nani, nikanyweshwa uji, nikachekwa kwa jinsi ninavyoyatamka majina. Mara ya kwanza mbwa alinifukuza hadi nikapoteza kiatu, na Mramba aliwasimulia hadithi hiyo madereva wenzake wote saba. Nikirudi ofisini, Bi Kahonzi alilinganisha daftari langu na penseli zake za mwaka 1994. Mara mbili tatu nilikuwa sahihi kuliko penseli. Alinipongeza kwa kunisukumia andazi.

Faida yake mnaiona kila Jumatatu. Wenye namba sasa ni elfu kumi na moja na mia mbili, na namba hizo tumezitengenezea faharasa, kama ile iliyo mwisho wa kitabu cha nyimbo, kwamba hufungui kila ukurasa kuutafuta wimbo wa mia na kumi. Hao huunganishwa kwa dakika mbili. Wasio na namba bado hulinganishwa kwa masharti yote manne, polepole kama anavyotembea yeye, lakini kazi hiyo tunaifanya Ijumaa mchana na kuyaweka majibu yake tayari. Jumatatu mashine hukusanya tu. Dakika sita, orodha ipo. Na kabla haijachapishwa huhesabu watu wa kila kijiji na kuwalinganisha na wiki nne zilizopita. Kijiji kikipungua bila sababu, orodha hukataa kutoka mpaka mtu aandike sababu na jina lake chini. Mimi ndiye niliyetaka iwe na jina.

Wamebaki watu elfu mbili na mia nane. Ndio wagumu, waliohama, waliofiwa na mama zao, wanaojulikana kijijini kwa jina la utani tu. Septemba iliyopita Bi Kahonzi aliiomba bodi miaka miwili zaidi ili awamalize. Si kwamba hapendi kupumzika. Ana shamba Ganda na nyumba mtaa wa Barani, Malindi, na wajukuu wa kumchosha kote kuwili. Alitaka tu kuondoka kazi ikiwa imekwisha. Novemba bodi ilikataa, na barua yake ilitaja sababu moja tu, ile sentensi ya tatu. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama watu wa Ganda wametimia wiki hii. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ilinichukua miezi mitatu zaidi.

Kanuni ya jarida ni kwamba mstaafu huusoma wasifu wake kabla haujachapishwa. Nilimpa Jumanne. Aliurudisha wakati wa chai, aya zote kuanzia Juni zimepigwa mstari mwekundu, na pembeni ameandika neno moja, Punguza. Nilimwambia, "Mama, hapa sipunguzi." Alinitazama juu ya miwani, akasema chai yangu inapoa. Nimezirudisha zote. Jumatano nilimpelekea meneja barua, nikaomba ripoti ile iandikwe upya kwa jina langu, na bodi iambiwe. Aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama ninaelewa ninachoomba. Nikamwambia ninaelewa, ila aseme haraka, kwa maana kungoja sikuwezi. Bodi itakaa Machi. Sijui itaamua nini juu yangu, wala kama itamrudishia Bi Kahonzi ile miaka yake. Sikulala vizuri wiki hii, na bado nafuu hii ya kusema nisingeiuza.

Kulikuwa na mtu mmoja zaidi aliyestahili kuisikia habari hii kwa mdomo wangu, asije akaisoma kwenye jarida. Bi Kahonzi amemwalika Kanze, mama yake Karisa, kwenye sherehe ya Ijumaa. Kwa hiyo leo Alhamisi asubuhi, Mramba alinipeleka Ganda. Kanze alikuwa barazani akipepeta mbaazi. Ndani cherehani ilikuwa ikilia na kunyamaza, ikilia na kunyamaza. Kupitia mlangoni nilimwona Karisa ameshika mkasi kwa mkono wa kushoto.

Nilimwamkia shikamoo, nikakataa kigoda, nikasema yote nikiwa nimesimama. Nilisema ni nani aliyelifuta jina la mwanawe, siku gani na kwa sababu gani. Sikutaja mashine sana. Kanze hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza. Kisha akauweka ungo chini.

"Mwanangu," akasema, "Bi Kahonzi alikuja hapa mwaka jana, akasimama papo hapo ulipo, akaniambia ni yeye. Leo nawe waja waniambia ni wewe. Huko ofisini kwenu hakuna hata mmoja asemaye si mimi?"

Mramba alicheka, akajishika mdomo. Cherehani ilikuwa imenyamaza ndani, na nilijua Karisa anasikiliza.

"Haya," akasema Kanze. "Tembe za Karisa zaisha lini?"

Nilimjibu bila kufungua daftari. Nilimwambia za Karisa kijana zinaisha Jumatano ijayo, na Mramba atamletea Jumatatu. Za Karisa mzee zinaisha tarehe ishirini Aprili.

Kanze akanisogezea kigoda kwa mguu. "Basi wajua kuwa ni wawili. Keti."

Nikaketi.

Bi Kahonzi, kwa niaba ya Kitengo cha Takwimu, madereva wote wanane, na watu elfu kumi na nne ambao wengi wao hawatajua kamwe ni nani aliyekuwa akiwahesabu kwa kidole, tunasema asante sana. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake huko shambani Ganda, na Jumatatu nyingi usizohitaji kuamka mapema. Wale elfu mbili na mia nane niachie mimi, nikiwa na mkataba au bila mkataba.

Nduku Muthama,
Kitengo cha Takwimu, Kibarani